Neno œuf la Kifaransa: namna ya kuliandika, kulitamka na kuwajua ndugu zake

Neno la yai huingia mapema katika masomo ya Kifaransa. Liko kwenye orodha ya vyakula ya wiki za mwanzo, katikati ya mkate na maziwa, na katika orodha nzima hakuna linalosumbua wanafunzi kulishinda. Lina herufi isiyo na kitufe chake kwenye kibodi na vokali isiyokuwepo katika Kiswahili. Wingi wake huongeza herufi kwenye karatasi huku ukipunguza sauti mdomoni.

Wanafunzi wengi huambiwa walikariri tu. Mimi sikubaliani na njia hiyo. Kila kinachoonekana cha ajabu katika neno hili kina sababu, na sababu zenyewe zikishaeleweka utakuwa umejipatia pia bœuf, sœur, cœur na neuf, pamoja na mlango wa kuingilia Kihispania, Kiitaliano na Kireno. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, na zile za matamshi zifanye kwa sauti, usizisome kimyakimya.

Hatua ya 1: Iandike herufi yenyewe

Herufi œ ni o na e zilizoshikana, na katika tahajia ya Kifaransa zinapaswa kushikana. Ukiandika oeuf utaeleweka, lakini mwalimu makini atakusahihisha. Kwenye simu, bonyeza herufi o na uishikilie mpaka orodha ya herufi itokee, kisha chagua œ. Kwenye kompyuta ya Windows, shikilia kitufe cha Alt huku ukiandika 0156 kwa vitufe vya namba vilivyo upande wa kulia. Herufi kubwa Œ ni 0140. Kwenye Mac yenye mpangilio wa Kimarekani, bonyeza Option pamoja na q. Neno likianza sentensi, herufi zote mbili hukua pamoja: Œuf. Ukilitafuta kwenye kamusi, nenda kwenye o ikifuatiwa na e.

Usishangae kukuta Wafaransa wenyewe wameandika oeuf mtandaoni. Hata kibodi zao za kawaida hazina kitufe cha herufi hii, na mfumo wa herufi uliotumiwa na kompyuta nyingi za zamani, ISO 8859-1, uliiacha nje. Ilipata nafasi katika toleo la ISO 8859-15 la mwaka 1999.

Kwa nini waandishi wa Kifaransa waliihitaji? Walitaka jicho la msomaji lione o ya Kilatini, ingawa mdomo ulikuwa umeshaiacha zamani. Yai kwa Kilatini ni ovum. Dada ni soror, kwa Kifaransa sœur. Moyo ni cor, kwa Kifaransa cœur. Jicho ni oculus, kwa Kifaransa œil. Fundo ni nodus, kwa Kifaransa nœud. Kazi ni opera, kwa Kifaransa œuvre, na mzizi huohuo ndio uliotufikia kupitia Kiingereza katika neno oparesheni. Kwaya nayo ni chœur. Kwa hiyo ukisahau tahajia, jiulize kama kuna neno la jamii hiyo lenye o unalolijua tayari. Ukikumbuka ovari, kiungo cha mwili kinachotoa yai la uzazi, hutaisahau o ya œuf. Dawa hii haitibu kila neno: watu ni populus kwa Kilatini, lakini Kifaransa huandika peuple bila o mwanzoni. Hata hivyo itakuokoa mara nyingi kuliko itakavyokuangusha.

Hatua ya 2: Tamka yai moja

Tamka e ya neno leta na ubaki hapo. Usiusogeze ulimi. Sasa viringa midomo kana kwamba unataka kusema o, huku ulimi ukibaki kwenye e. Sauti itakayotoka si e wala o, na hiyo ndiyo vokali ya œuf. Wengi huuvuta ulimi nyuma midomo inapoviringika, wakaishia kusema of. Jiangalie kwenye kioo: kinachotembea ni midomo peke yake.

Baada ya vokali, funga kwa f na uishie hapo. Sisi tumezoea silabi zinazoishia na vokali, kwa hiyo ulimi wetu hutafuta u ya kuegemea na kutoa kitu kama efu. Meno ya juu yaguse mdomo wa chini, pumzi itoke, basi. Ukitaka kujipima, weka kiganja mbele ya mdomo: unapaswa kuhisi pumzi ya f bila mtetemo wowote wa sauti baada yake.

Neno ni la jinsia ya kiume, na katika maneno un œuf n ya un huhamia kwenye yai: sikio linasikia nœuf. Katika l'œuf linasikia lœuf. Hili la konsonanti kuhamia neno linalofuata lishike vizuri, kwa sababu hatua inayofuata imejengwa juu yake.

Hatua ya 3: Tamka mayai mengi

Wingi huandikwa œufs, na f haitamkwi, wala s. Linabaki vokali tupu, tena si ileile ya umoja. Imebana zaidi: midomo iviringe kama unayetaka kusema u, ulimi uinuke kuelekea i. Wanaisimu huiandika ø, nami nitafanya hivyo hapa chini.

Sababu iko kwenye historia. Kifaransa cha kale kilikuwa na uef kwa umoja na ues kwa wingi. V ya ovum ilipojikuta mwishoni mwa neno iligeuka f, lakini kwenye wingi ilifuatiwa na s, na katika lugha ile konsonanti hiyo ilimezwa na s. Baadaye s yenyewe ikaacha kutamkwa. Vokali iliyobaki bila konsonanti nyuma yake ikabana, kama ilivyokuwa kawaida ya vokali hiyo mwishoni mwa neno. Waandishi wakairudisha f kwenye maandishi ili umoja na wingi vifanane, lakini wazungumzaji hawakuifuata.

Ng'ombe alipita njia hiyohiyo: un bœuf hutamkwa kwa f, des bœufs huishia kwenye bø. Mfupa nao una tabia ya aina hiyo: un os hutamkwa kwa s na o iliyo wazi, lakini des os huishia na o iliyobana, bila s. Jifunze matatu haya kwa pamoja. Kireno, kinachozungumzwa kwa jirani zetu wa Msumbiji, kina mabadiliko ya vokali yanayokaribiana na haya: ovo lina o iliyobana mwanzoni, na wingi wake ovos unaifungua.

Sasa swali la maana: kama œufs limebaki vokali moja tu, msikilizaji anajuaje kwamba mayai ni mengi? Anajua kwa kinachotangulia. Les œufs hutamkwa le-zø, na des œufs hutamkwa de-zø. Ile s ya les na des, isiyosikika mbele ya konsonanti, hapa huamka ikawa z na kujibandika mwanzoni mwa yai. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili hili halipaswi kuwa geni hata kidogo. Sisi pia tunasikia wingi mwanzoni mwa neno: yai, mayai, jicho, macho. Mwanafunzi anayesubiri wingi wa Kifaransa mwishoni mwa neno, kwa kuwa alitangulia kujifunza Kiingereza, atausubiri bure. Elekeza sikio mbele.

Ushahidi mzuri wa nguvu ya z hiyo uko katika Krioli, yaani lugha mpya zilizozaliwa na Kifaransa. Watu waliojifunza Kifaransa kwa kusikia tu, mashambani na bandarini, walisikia z mbele ya mayai mara nyingi mno hata wakaichukua kuwa sehemu ya neno. Kwa Krioli ya Haiti yai ni ze. Huku kwenye Bahari ya Hindi, Mauritius na Shelisheli, ni dizef, hata likiwa moja. Ndani ya neno hilo zimo des, z na yai lenyewe, zimeganda pamoja.

Hatua ya 4: Hesabu mayai

Zoezi hili ndilo litakalokufanya usikike kama mtu aliyewahi kununua mayai kwa Kifaransa. Soma kila moja kwa sauti, na uruke kutoka kwenye namba hadi kwenye ø bila kupumzika katikati.

Deux œufs: dø-zø. Trois œufs: trwa-zø. Quatre œufs: katrø, bila z, kwa sababu quatre haina s, wengi huiongeza kwa mazoea, epuka. Cinq œufs huleta k na kuishia kø. Six œufs na dix œufs hurudisha z: si-zø, di-zø. Huit œufs huleta t na kuishia tø. Neuf œufs huleta f na kuishia fø. Hapa kuna mtego kwa waliosoma kwamba f ya neuf hugeuka v. Hugeuka v katika neuf heures na neuf ans, kwenye saa na miaka, lakini kwa mayai hubaki f.

Ukitaja kipimo kwanza, z hupotea, kwa kuwa de hupoteza vokali yake tu: une douzaine d'œufs huishia na dø. Trei la mayai ni un plateau de trente œufs, nayo huishia tran-tø, a ikitamkwa puani na n isisikike peke yake. Kwa wanaoishi Goma, Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura, ambako Kiswahili na Kifaransa hukutana sokoni, sentensi hiyo ina kazi kila siku.

Hatua ya 5: Wakusanye ndugu wa damu

Chukua karatasi, chora mistari ya kutenganisha safu nne: Kilatini, Kiitaliano, Kihispania, Kifaransa. Andika yai: ovum, uovo, huevo, œuf. Chini yake andika tisa: novem, nove, nueve, neuf. Kisha -pya: novum, nuovo, nuevo, neuf. Tazama safu ya Kihispania na ya Kifaransa kwa pamoja. Palipo na ue upande mmoja, upande wa pili pana eu au œu. Ulinganifu wa namna hii, unaojirudia neno baada ya neno, ndio wanaisimu wanaouita udugu.

Lipo jambo dogo linalowavutia wataalamu. O ya ovum katika Kilatini cha vitabu ilikuwa ndefu, na o ndefu haikupaswa kuzaa ue ya Kihispania. Kwa hiyo wanahitimisha kwamba watu wa kawaida, mitaani na mashambani, walilitamka neno hilo kwa o fupi. Hivyo ndivyo lugha zilizo hai zinavyoweza kutueleza vinywa vya watu waliokufa bila kuandika chochote.

Ile h ya huevo haina sauti wala haikutoka Kilatini. Zamani u na v ziliandikwa kwa herufi moja, na uevo lingeweza kusomwa kama vevo. Waandishi wakaweka h mbele kumwonya msomaji kwamba inayofuata ni u. Wafaransa walifanya vivyo hivyo kwa huit, iliyotoka kwa octo, na huile, iliyotoka kwa oleum.

Kiitaliano kina jambo ambalo Mswahili atalipenda. Uovo ni la kiume, lakini wingi wake, uova, ni wa kike: yai hubadilisha jinsia linapoongezeka. Wanafunzi wa Ulaya huliona hilo kituko. Sisi tunasema yai hili, mayai haya. Yai limevunjika, mayai yamevunjika, na viambishi vya sentensi nzima hugeuka pamoja na nomino bila mtu kushangaa. A ya uova ni ileile ya ova, wingi wa Kilatini.

Hatua ya 6: Tenga ndugu na wanaofanana tu

Baada ya maneno yaliyopita mdomoni mwa watu, Kifaransa kilirudi Kilatini kuchota mengine kwa ajili ya elimu. Haya hayakuchakaa, kwa hiyo ov- yake bado ni nzima: ovale, umbo la yai, ovaire, ovari, ovule, yai la uzazi, ovipare, mnyama anayetaga. Yote ni ndugu halali wa œuf.

Lakini ov- peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Ovin linahusu kondoo, kutoka ovis. Ovation, shangwe, linatoka kwenye kitenzi ovare, kushangilia ushindi. Ovni ni kifupi cha maneno manne yenye maana ya kitu kirukacho kisichotambulika. Hakuna yai ndani ya hata moja.

Kiganda kina mtego mzuri zaidi. Yai ni eggi, na anayejua Kiingereza hudhani Waganda wameazima egg. Sivyo. Angalia wingi wake, amagi, kisha uweke kando ya Kinyarwanda, igi na amagi, na Lingala, liki na maki. Ni neno la Kibantu lenye ukoo wake kamili, na kufanana kwake na egg ni bahati tu. Kanuni ya kazi ni hii: usilinganishe maneno mawili yaliyosimama peke yake. Lete umoja na wingi, lete na lugha jirani, ndipo uamue.

Na ukiambiwa kwamba love ya hesabu za tenisi ni l'œuf iliyoharibika, kwa sababu sifuri inafanana na yai, usiipokee kama ukweli. Hakuna ushahidi wa maandishi unaoiunga mkono, na Wafaransa wenyewe uwanjani husema zéro. Kwenye kriketi hadithi ya namna hiyo ni ya kweli: sifuri ya mpigaji huitwa duck, na ilianza kama yai la bata.

Hatua ya 7: Panda mpaka kwa egg

Egg la Kiingereza halikutoka kwenye œuf, wala œuf kwenye egg. Lilikuja na Waskandinavia waliovamia na kuhamia Uingereza. Waingereza walikuwa na neno lao, ey, wingi wake eyren, lililo karibu na Ei la Kijerumani na eieren la Kiholanzi. Kwa karne kadhaa yote mawili yalitumika, kila moja na eneo lake.

Mwaka 1490, William Caxton, mtu aliyeleta uchapaji wa vitabu Uingereza, aliandika kisa katika dibaji ya Eneydos, kitabu alichokitafsiri kutoka Kifaransa. Wafanyabiashara walikuwa kwenye meli katika Mto Thames wakielekea Zeeland, huko Uholanzi. Upepo ukakosekana, wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja wao, muuza vitambaa aitwaye Sheffelde, akaingia nyumba moja na kuomba egges. Mama mwenye nyumba akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mfanyabiashara akakasirika, maana naye hakujua Kifaransa. Alichotaka ni mayai. Mwenzake ndipo akaomba eyren, na mama akasema kwamba huyu amemwelewa vizuri. Caxton anauliza: mtu wa siku hizi aandike lipi? Kwa yule mama, egges, neno la Kiingereza cha kaskazini, lilikuwa geni kiasi cha kudhaniwa Kifaransa. Kisa hiki kimoja kinafundisha kuhusu lahaja na lugha sanifu kuliko sura nzima za vitabu vya isimu.

Hata hivyo, ukipanda juu zaidi, egg, Ei, ovum na ōión la Kigiriki hukutana kwenye mzizi mmoja wa Kihindi-Kiulaya, lugha mama ya kale ya lugha nyingi za Ulaya na India, na wataalamu wengi huuhusisha na neno la ndege, ambalo kwa Kilatini ni avis. Kutoka avis Kifaransa kilipata oiseau, ndege, na oie, bata bukini. Mwishoni mwa karne ya 19 Clément Ader alilitumia kuunda jina la mashine yake ya kuruka, avion. Kwa hesabu hiyo, yai, bata bukini na ndege ya abiria ni jamaa wa mbali.

Hatua ya 8: Litumie dukani, jikoni na katika mazungumzo

Ukiwa Ufaransa, soma namba iliyopigwa muhuri kwenye ganda la yai. Inaanza na tarakimu ya ufugaji: 0 ni kilimo hai, 1 ni kuku wanaotoka nje, 2 ni kuku wa ndani ya banda wasiofungiwa kwenye vizimba, 3 ni kuku wa vizimba. Zinafuata herufi za nchi, FR kwa Ufaransa. Juu ya boksi kuna ukubwa: M ni gramu 53 mpaka 63, L ni 63 mpaka 73, chini ya hapo S na juu yake XL. Maneno extra frais huruhusiwa kwa siku 9 tu baada ya kutagwa.

Jikoni, muda wa kuchemsha una majina yake. Dakika 3 ni œuf à la coque, kiini na sehemu ya ute bado majimaji, na huliwa kwa kijiko kutoka ndani ya ganda. Dakika 5 au 6 ni œuf mollet. Dakika 9 au 10 ni œuf dur, na wakiwa wengi, œufs durs, f inanyamaza kama kawaida. Kiini ni jaune d'œuf, ute ni blanc d'œuf, la kukaangwa bila kuvurugwa ni œuf au plat, ya kuvurugwa ni œufs brouillés. Kutaga ni pondre, kuatamia ni couver, kuanguliwa ni éclore.

Misemo ya kuanza nayo ni mitatu. Marcher sur des œufs, kutembea juu ya mayai, husemwa kwa mtu anayelazimika kuongea au kutenda kwa uangalifu mkubwa. Qui vole un œuf vole un bœuf, aibaye yai ataiba na ng'ombe, ni nzuri kwa mazoezi kwa sababu maneno yote mawili yako kwenye umoja na f zote mbili zinasikika. Ukiyatia kwenye wingi, zote hupotea. Wa tatu ujue maana yake lakini usimwambie mkubwa wako: va te faire cuire un œuf, nenda kajipikie yai, ni namna ya kumfukuza mtu anayekuudhi.

Malizia kwa sentensi hizi tatu, usome mfululizo mpaka midomo isikwame. J'ai acheté un œuf. J'ai acheté deux œufs. Il n'y a plus d'œufs. Ya kwanza inaishia nœuf, ya pili dø-zø, ya tatu dø.